Mitundu Imechanua, Nyuki Hawajafika: Siku Saba Kutoka Tabora Hadi Kigoma

Jumamosi. Tabora mjini

Mwembe ulio nyuma ya nyumba ninayopanga umenichelewesha kuondoka. Begi lilikuwa tayari mlangoni, nikatoka na kikombe cha chai nikasimama chini yake. Upande wa mashariki maembe yameiva, mengine yameshatobolewa na ndege. Upande wa pili kuna vitoto vya maembe, vidogo kama njugu mawe. Kileleni kabisa kuna shada jipya la maua, nyuki wawili wanalizunguka. Tunaanza Desemba, na mti mmoja una maua, vitoto na matunda mabivu kwa pamoja.

Mwembe huhitaji usiku wa baridi ili uamke kuchanua. Hapa kwetu baridi hiyo ni ya Juni na Julai. Ikija kwa mfululizo, mti mzima hutoa maua mara moja. Ikija kidogo, ikakatika, ikarudi, maua nayo hutoka kwa mafungu. Sokoni nimemuuliza mama ninayenunua kwake anaonaje. Akaniambia, "Mwalimu, msimu hauna kichwa wala miguu siku hizi. Ila mimi silalamiki sana, zamani yaliiva yote kwa pamoja tukayatupa." Nimeliandika hilo pia, maana ni kweli.

Safari hii ilianza kwa simu ya baba mwezi wa kumi. Baba ni mrina asali, yuko Kaliua, na si mtu wa kupiga simu bila sababu. Alisema hivi kuhusu mitundu, miti ya porini ambayo nyuki hufuata maua yake: "Mwanangu, mitundu imechanua, nyuki hawajafika." Kisha akauliza habari za wajukuu.

Nafundisha baiolojia. Kila mwaka nikifika kwenye uhusiano wa viumbe na mazingira, huwa natoa mfano wa Uholanzi. Kuna ndege mdogo mweusi na mweupe anayeishi miezi ya baridi huku Afrika Magharibi na kwenda Ulaya kuzaa. Makinda yake hulishwa viwavi, na viwavi hujaa kwenye miti ya mwaloni kwa wiki chache tu (huo ni mti, si mwalo wa samaki). Joto la Ulaya limepanda, majani yanatoka mapema na viwavi wamewahi. Ndege huyu yuko Afrika, hana habari ya joto la Uholanzi. Akifika, karamu imeshakwisha. Mwaka 2006 watafiti, akiwemo Christiaan Both, walionyesha kwamba kwenye misitu ile ambayo viwavi huwahi zaidi, ndege hawa walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hivi ndani ya miongo miwili.

Miaka yote nimeufundisha mfano huo kama habari ya mbali, hadi baba aliponiambia jambo hilohilo kwa maneno matano.

Jumapili. Kaliua

Nimefika saa nane mchana, nikashuka barabarani na kumalizia kwa bodaboda. "Shikamoo baba." "Marahaba. Mbona umekonda?" Mama yangu mdogo akaleta maji, na kabla sijamaliza kunywa, baba alikuwa ameshaweka kauntabuku yake juu ya meza.

Nimeijua kauntabuku hiyo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuisoma. Jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Ndani kuna mistari mifupi tu: tarehe, kisha neno moja au mawili. *Mitundu myekundu. Dudumizi. Mvua ya kwanza. Kumbikumbi. Kundi limeingia mzinga wa mkola.* Hakuna maelezo. Baba aliandika ili ajue lini apandishe mizinga, maana mzinga ukiwekwa kundi likiwa limeshapita, unabaki mtupu mpaka mwaka ujao.

Jioni tumekwenda porini, mimi, baba na mdogo wangu. Kuna kitu cha ajabu kwenye miombo wakati huu, na nimekaa nacho njia nzima. Ukiangalia juu, msitu umefunga kijani kibichi. Ukiangalia chini, ni vumbi, majani makavu na nyufa. Miti hii haisubiri mvua. Mizizi yake inafika chini sana, na shina limehifadhi maji, kwa hiyo joto la Agosti na Septemba likipanda tu, inatoa majani mapya, kwanza mekundu kama kutu, baadaye kijani. Mtundu hutoa maua karibu na majani hayo. Nyasi za chini yake, zenye mizizi mifupi, zinangoja mvua. Miti na nyasi wanakaa uwanja mmoja, na kila mmoja anaitwa na mwito wake.

Mdogo wangu amepanda kwenye mzinga wa gogo, mwenge wa magome unafuka moshi kwapani. Tulikuwa tumelala chini kuukwepa mkondo wa nyuki. Akateremsha sega la kwanza kwenye ndoo kwa kamba. Baba akalishika kwa mkono mtupu, akawasha tochi.

Lilikuwa sega zuri. Jipya, la rangi ya maziwa, pana kama sahani ya kupembulia mchele. Na lilikuwa limejaa majana, yaani watoto wa nyuki, kutoka ukingo hadi ukingo. Vijumba vyote vimefunikwa kwa nta ya kahawia, na kwenye vingine nyuki wachanga walikuwa wanakata mlango, vichwa vyenye manyoya vinachungulia. Asali ilikuwa ukanda mwembamba juu kabisa, upana wa vidole viwili. Sega la pili vilevile. La tatu hatukulikata. Baba akamwambia mdogo wangu afunike, ashuke.

"Unaona?" akasema. "Wafanyakazi wamekuja, kazi imekwisha."

Nimefanya hesabu kwenye mwanga wa tochi, nikamwonyesha. Yai la nyuki huchukua karibu siku 20 kuwa nyuki mkubwa. Akitoka, hatoki nje mara moja; hulisha majana, hujenga, husafisha, na ndipo baada ya wiki mbili au tatu anaanza kwenda kwenye maua. Kwa hiyo kundi linalotaka jeshi la wachumaji siku mitundu inapochanua lazima liwe limetaga mayai wiki tano au sita kabla. Mwaka huu joto lilipanda haraka, mitundu ikafungua maua mapema, na makundi yalikuwa bado madogo. Yalipopata nguvu, maua yalikuwa yanaanguka. Maua yalikuwa mengi, nyuki pia ni wengi. Hawakukutana tu.

Baba aliniangalia, akasema alijua hivyo bila hesabu, lakini niandike.

Mavuno makubwa bado yako mbele, ya maua ya masika, yanayorinwa kuanzia Mei. Hajakata tamaa. Ila hela ya asali ya Desemba ndiyo ya mbolea na ya sare za shule Januari, na hiyo haipo.

Usiku tumekaa nje. Kilimia kiko juu upande wa mashariki, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho wakulima wamekitazama tangu enzi, ndiyo maana kikaitwa kilimia. Baba akautaja ule msemo: *Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua.* Nyota hazijachelewa hata usiku mmoja. Ziko pale zilipokuwa babu alipokuwa hai.

Jumatatu. Bado Kaliua

Mvua imenyesha usiku, kama saa saba. Si kubwa. Asubuhi ardhi ina harufu ile ambayo kila mtu anaijua, na kuku wanachakura kama wendawazimu. Nilitegemea kuona kumbikumbi. Nimekwenda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya zizi, kichuguu ambacho tulipokuwa watoto tulikitegea kwa blanketi na debe.

Wametoka wachache sana. Nimehesabu mbawa kwenye kivuli cha kichuguu, nikafika arobaini nikaacha. Mama mdogo akaja na ungo, akageuza, akarudi nao mtupu.

"Walishatoka," akasema. "Mvua ile ya Oktoba."

Ilinyesha Oktoba mara mbili, mvua nzito, siku mbili mfululizo. Kumbikumbi walitoka wengi mpaka wakazima taa ya koroboi. Watu nao walipanda mahindi. Kisha ikakatika wiki tano. Mahindi yaliota, yakajikunja, yakafa, na baba amepanda mara ya pili kwa mbegu ya kununua.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo la kumbikumbi, kwa sababu tunamwona kama kitoweo tu. Kumbikumbi ni bi harusi na bwana harusi. Ndani ya kichuguu mchwa wenye mbawa huandaliwa kwa miezi, na wafanyakazi huchimba njia za kutokea hadi karibu na uso wa ardhi, wakaziziba kwa udongo mwembamba. Wote wanangoja ardhi ilowe. Ikilowa, vichuguu vya eneo zima hufunguka karibu wakati mmoja, na hilo ndilo la maana: dume wa kichuguu hiki ampate jike wa kichuguu kile. Wakishatua hukata mbawa zao wenyewe, wakafuatana, jike mbele dume nyuma, wakatafuta udongo laini wa kuchimba chumba. Wawili hao ndio kichuguu cha miaka ijayo. Udongo ukikauka kabla hawajaingia, wamekwisha. Hawana mbawa za kurudia.

Nimechimbua kwa kijiti karibu na shina la mkola. Nikakuta jozi moja ya jana usiku, wameshaingia kina cha kidole. Nikawafunika.

Mbegu ya mahindi baba anaweza kununua nyingine.

Jumanne. Kaliua hadi Kigoma

Basi limepita saa tatu. Nimekaa dirishani na kauntabuku mapajani. Baba amenipa niondoke nayo, ila nirudishe kabla ya Mei.

Njiani nimejaribu kuandika kwa lugha ya darasani kile nilichokiona. Viumbe wanajua wakati kwa njia kuu tatu. Wapo wanaosoma urefu wa mchana. Wapo wanaosoma joto. Wapo wanaosoma mvua. Kwa karne nyingi njia hizi zilikwenda pamoja, kama mikono ya saa moja. Huku kwetu karibu na ikweta tofauti ya mchana na usiku ni ndogo, kwa hiyo wengi wetu, kumbikumbi na mkulima wakiwemo, tumeegemea mvua. Na mvua yenyewe humfuata jua: jua linapita juu ya utosi wa Tabora wiki ya kwanza ya Oktoba likielekea kusini, na ukanda wa mvua unalifuata nyuma. Jua haliwezi kuchelewa. Lakini ukanda wa mvua unasukumwa pia na joto la bahari, ya Hindi na hata ya Pasifiki, na bahari zimepata joto. Dunia ya miaka ya 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto la nyuzi 1.1 zaidi ya ile ya nusu ya pili ya karne ya 19. Ukitaja nyuzi moja watu hucheka. Nami nilikuwa sijui namna ya kuwajibu mpaka nilipoliona lile sega.

Mto Malagarasi tumevuka mchana. Ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi ndiyo ya kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Upande wa kushoto nimeona korongo weupe kumi na kitu, wale wa Ulaya, wanatembea polepole kwenye majani makavu wakitafuta panzi. Mchana wa Ulaya ulipofupika waliondoka, wamefika kwa tarehe yao. Panzi wetu wanangoja nyasi, nyasi zinangoja mvua.

Uvinza watu wameshuka kununua chumvi. Kigoma tumeingia jua likizama ziwani, nikala mgebuka kwa ugali wa muhogo, nikalala.

Jumatano na Alhamisi. Gombe

Boti ya abiria imetoka Kibirizi mchana, imejaa magunia, kuku na wanawake wanaorudi vijiji vya kaskazini. Gombe, hifadhi ya sokwe, iko kilomita 16 hivi kutoka mjini, lakini boti inasimama kila mahali.

Nilikuja hapa kwa sababu moja. Marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka kwenye fukwe hizi Julai 14, 1960, na kabla mwaka huo haujaisha alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kulitoa limejaa mchwa. Dunia ilishangaa kwamba mnyama anatumia zana. Ninachotaka wanafunzi wangu wakione ni wakati alipoliona. Ilikuwa mwanzo wa mvua, pale mchwa wanapoleta zile njia za kutokea hadi karibu na uso wa ardhi. Sokwe anakwangua ule udongo mwembamba kwa kidole, anaingiza bua. Msimu mwingine njia hiyo haipo, au iko ndani mno.

Alhamisi asubuhi tumepanda bondeni na mwongoza wageni, kijana wa kijiji jirani anayelijua kila bonde. Tumemkuta mama sokwe na mtoto wake kwenye kichuguu kilichofunikwa na mizizi. Alikuwa amekaa kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Alichuma bua, akalikata ncha kwa meno, akaingiza. Akangoja. Akalitoa: mchwa askari mmoja amening'inia. Akabadilisha shimo. Mtoto alikuwa anashika bua lake kubwa mno, anachokoa pembeni, akimwangalia mama. Dakika ishirini hivi, kisha mama akainuka, akaelekea kwenye michikichi.

Nimemuuliza kijana kama siku hizi wanavua mchwa majira yaleyale. Akafikiri kabla ya kujibu, nikampenda kwa hilo. Akasema msimu bado upo, lakini unakatikakatika: wanaanza, wanaacha, wanaanza tena. Sokwe hawana shida sana, akasema, wana mabungo, wana chikichi, wanajua kubadilisha. "Anayekula vitu vingi hafi kwa kimoja kuchelewa." Kisha akanionyesha kipepeo na kusema huyu mtoto wake anakula majani ya mti mmoja tu.

Ijumaa. Kibirizi

Boti ya alfajiri imetushusha mwaloni jua likichomoza. Giza la mwezi huu lilikuwa zuri. Mitumbwi imerudi na taa zake, dagaa wanamwagwa kwenye mchanga na kwenye chanja, na harufu yake inafika hadi barabarani. Nimekaa na mama mmoja anayeanika. Nilimwamkia, akanisogezea ndoo niketi, akaendelea kutawanya kwa mkono, dagaa wasilaliane.

Ziwa hili la Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, na chakula kingi kimelala chini, kwenye maji ya baridi. Upepo wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndio unaokorofisha maji: unasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na kule kusini yale ya chini yanapanda na rutuba yake. Upepo ukitulia, maji yanayumba taratibu ndani ya ziwa kwa miezi, na rutuba inafika hadi huku. Mwani unakua, vijidudu wanakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anamla dagaa. Lakini maji ya juu yakipata joto zaidi huwa mepesi zaidi, na upepo uleule haufui dafu. Tafiti mbili za mwaka 2003 zililisema hili waziwazi, na moja ilikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi. Dagaa anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Hana akiba ya miaka ya kungojea kusi nzuri.

Mama anaikumbuka Mei 15, 2024, ziwa lilipofungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Ilimuuma, akaishi kwa kuuza mawese. Lakini anakubali kufunga. Mimi pia nakubali, kwa moyo wote. Ninachotamani ni kwamba tarehe ya kufunga ilindwe na watu wanaoandika lini dagaa wachanga wanaonekana, mwalo hadi mwalo, mwaka hadi mwaka. Nimemwonyesha kauntabuku ya baba. Hasomi vizuri, lakini alielewa mara moja. "Huyu mzee anaandika siku," akasema.

Saa mbili na robo wingu limetoka upande wa Kongo. Hatukulitilia maanani, mpaka tone la kwanza likaanguka kwenye chanja. Mwalo mzima ukalipuka: "Mvua! Mvua!" Wanawake wakakimbia na maturubai, watoto wakakusanya kwa mafagio na beseni. Nimevua viatu, nikashika pembe ya turubai lake, tukalivuta pamoja juu ya chanja. Nusu ya dagaa tumewahi. Nusu imelowa, na dagaa aliyelowa akiwa nusu mkavu huoza.

Tukakaa chini ya turubai, magoti yanagusana na madumu. Aliponiambia niandike, nilifungua ukurasa mpya, nyuma ya mstari wa mwisho wa baba. Akanitajia, nami nikaandika kwa mtindo wa baba, bila maelezo:

*Kibirizi. Dagaa wakubwa, wachanga hawajaonekana. Mvua saa mbili na robo asubuhi.*

"Weka na tarehe," akasema.